Mgeni Hali Peke Yake

Senhor Lourenço hakutaka machweo. Alilisema hilo asubuhi, kabla hata hajafunga mkanda wa gari: machweo anayo ya kumtosha, ya nchi nyingi, yamejaa kwenye kompyuta yake huko Lisboa. Alitaka nyuso.

"Nyuso tupu," alisema kwa Kireno, akijigusa kidevu. "Miaka miwili nimepiga picha za macho juu ya vitambaa. Sasa barakoa zimeondolewa. Nataka midomo, meno, makunyanzi."

"Meno yangu usiyaombe, patrão," alisema Hassane, dereva, naye kwa Kireno, cha barabarani. "Yaliyobaki ni ya kutafunia, si ya maonyesho."

Mzungu alicheka, akampiga picha kupitia kioo cha gari. Nafisa naye alicheka, kwa sababu huyu alikuwa mteja wake wa kwanza. Hoteli ya Pemba, mji wa pwani ya Msumbiji, alikokuwa akitembeza makundi ya watalii ilifungwa wakati wa korona na haikufunguliwa tena. Akarudi kaskazini, akaanzisha yake: matembezi ya picha, mteja mmoja, gari moja, hakuna kupumuliana na watu usiowajua. Wageni walioogopa makundi walikuwa wameanza kumwandikia. Wengi wakisikia jina la Palma hawakuandika tena. Lourenço aliandika.

Hassane alikodiwa na Nafisa mjini. Mbele ya wageni alikuwa mcheshi, wakishashuka alinyamaza. Mdogo wake aliuawa siku watu wa porini, wale waasi wenye bunduki, walipoingia Palma, na Hassane mwenyewe ndiye aliyemwokota. Kila mtu alilijua jambo hilo na hakuna aliyelitaja.

Kwenye kizuizi cha mwisho askari alisoma kibali, akakigeuza, akakisoma tena upande usio na maandishi.

"Alasiri isiwakute huko," alisema.

"Ikitukuta?" aliuliza Nafisa.

Askari alimrudishia karatasi, akainua kizuizi.

Waliifuata Ghuba ya Tungue mpaka kwenye kijiji cha waliokimbia vita. Njiani walipita safu ya nyumba zisizo na mapaa. Mpapai ulikuwa umeota ndani ya chumba cha mtu, ukachungulia dirishani. Lourenço aliuliza kulitokea nini. "Moto," alisema Nafisa.

Kijijini mteja alifurahi kama mtoto. Aliwapiga picha wanawake waliojipaka msiro wa urembo, nyuso nyeupe kama chokaa. Aliyemkuta na barakoa alimwonyesha kwa ishara aivue.

"Hebu muulize," alisema mama mmoja aliyekuwa akipepeta mchele, "meno yangu anataka kuyanunua au kuyaposa?"

"Anasema unacheka vizuri, shangazi."

"Basi mwambie mume wangu naye aliyaona hayohayo, akaniachia watoto saba."

Wanawake wakaangua kicheko, na kamera ikalia. Nafisa alicheka pamoja nao, lakini macho yake yalikuwa kwenye nyumba ya mwisho, ya makuti mapya. Hapo aliishi Bi Atija, mama yake. Hapo ndipo mteja angekula, kwa kuwa hapakuwa na mkahawa. Na hapo, chumba cha nyuma, alikuwamo Aiuba.

Aiuba alikuwa mdogo wake wa mwisho. Watu wa porini walimchukua Mocímboa, bandarini, akishusha samaki. Walimbebesha mizigo yao msituni mwaka na zaidi, mpaka alipotoroka akaja kuanguka mlangoni kwa mama yake, mifupa mitupu. Waliomchukua humtafuta anayetoroka. Waliouliwa ndugu zao humtafuta anayerudi. Katika barakoa za korona wengine waliona adhabu. Bi Atija aliona rehema. Kijiji kilikuwa cha watu wasiojuana, kila mmoja katoka kwake. Akawaambia ni mpwa wake, ana kifua kibovu, daktari kamkataza kuivua. Watu walimjua kwa macho na kikohozi. Lakini sasa nyuso karibu zote zilikuwa wazi, na kitambaa chake kilikuwa kimeanza kuvuta macho. Watoto walimwita Bwana Korona.

Nafisa alikuwa amepanga kila kitu. Aiuba asitoke. Hassane ndiye angekaa sinia moja na mgeni, kwa kuwa baba yao hayupo tena, na mgeni mwanamume hali peke yake. Kumwachia chakula akakikodolea macho kama mfungwa ni kumtukana, na aibu humrudia mwenye nyumba.

Mama alipotandika mkeka, Hassane alikuwa chini ya gari. Tairi lilikuwa limetobolewa na msumari wa mojawapo ya yale mapaa yaliyoungua. Nafisa alimfuata.

"Waanze tu," Hassane alisema kutoka chini. "Mikono yote grisi. Niachie mkia wa samaki."

"Nawa uje, kaka Hassane. Tafadhali."

"Dada, unataka chakula au unataka kurudi mjini?"

Aliporudi uani alikuta mlango wa chumba cha nyuma u wazi. Aiuba alikuwa amepiga magoti, anammiminia mgeni maji mikononi. Kisha aliketi, akavuta barakoa chini ya kidevu, akamega tonge. Lourenço alionja pilipili ya Bi Atija, akawa mwekundu, akatoa ulimi kama mbuzi. Na Aiuba, ambaye hakuwa amecheka tangu arudi, alicheka mdomo wazi, kichwa nyuma.

Kamera ikalia. Ikalia tena.

"Mama!" Nafisa alimvuta Bi Atija nyuma ya jiko. "Tulisemaje?"

"Tulisema dereva atakula naye. Dereva yuko wapi?"

"Ungemwacha ale peke yake!"

"Kama paka? Nyumbani kwangu?" Mama alisimamisha shingo. "Nimepoteza nyumba, mwanangu, na shamba, na baba yako. Adabu sijapoteza. Na huyo mzungu anamjua nani hapa?"

Tairi lilipokuwa tayari waliondoka. Jua lilikuwa limeshaanza kuinama. Nafisa alikaa nyuma na mteja. Mbele, Hassane alipiga mluzi.

Lourenço alimwonyesha picha kwenye kioo cha kamera, na ilikuwa nzuri, hilo ndilo lililomuumiza. Uso wa ndugu yake ulikuwa pale, mzima, hata kovu la juu ya mdomo.

"Hii ndiyo niliyoifuata," alisema Lourenço. "Inatoka kwenye kamera inaingia kwenye simu, na mtandao ukipatikana inakwenda yenyewe kwenye ukurasa wangu. Wafuasi wangu wanangoja. Nitaandika: Tungue, uso wa kwanza baada ya barakoa."

"Na jina la kijiji?"

"Bila shaka."

Mnara wa simu ulikuwa nyuma ya kilima chenye mikorosho. Kabla ya kilima simu zilikuwa mawe tu. Ukikipanda, zote hulia kwa pamoja. Nafisa alikiona kwa mbali. Porini nako watu walikuwa na simu.

"Senhor, naomba hiyo uifute."

"Kwa nini? Nimemkosea?"

"Hakutoa ruhusa."

"Alicheka! Aliitazama kamera!"

"Ni mambo ya dini yetu."

"Wanawake wote wale hawakuwa na dini?" Hakuwa mtu mbaya, alikuwa anauliza kweli. "Nafisa, niambie sababu nami nitaifuta. Bila sababu siwezi. Sitapiga nyingine kama hii."

Kilima kilikuwa kimekaribia, mikorosho inahesabika. Nafisa alitazama kioo cha mbele. Hassane alikuwa anapiga mluzi, macho barabarani. Akamsogelea mteja mpaka akanusa dawa yake ya mbu, akamnong'oneza sikioni kwa Kireno, haraka haraka: ni ndugu yangu, alichukuliwa na watu wa porini, alikuwa nao, ametoroka, akionekana atauawa.

Lourenço alibadilika rangi. Alifuta kwenye kamera, akafuta kwenye simu, akampa vyote viwili avikague mwenyewe. Nafisa alikagua picha moja baada ya nyingine: msiro, mchele, meno ya shangazi, sinia. Aiuba hakuwamo.

"Nisamehe," alisema mgeni.

"Asante, senhor. Mungu akulipe."

Akaegemea kiti, akafumba macho, akavuta pumzi. Hapo ndipo alipogundua kwamba mluzi umenyamaza.

Gari lilipunguza mwendo, likasimama pembeni, kilima bado kiko mbele. Injini iliendelea kunguruma. Hassane hakugeuka.

"Nimesahau jeki kwa mama yako," alisema kwa Kiswahili. "Turudi."

"Alasiri imefika, kaka. Askari alisema..."

"Nimemsikia askari. Nawasikia wote, mimi." Alikata usukani, akaligeuza gari. "Yule kijana, huyo wanayemwita mpwa wa kifua kibovu. Siku ile ya Palma alikuwa wapi?"

"Alikuwa mtumwa wao, kaka Hassane. Walimbebesha mizigo. Wallahi hakushika hata kisu."

"Mizigo ya nani?"

Lourenço aliwatazama mmoja baada ya mwingine, akauliza kwa Kireno kama kuna tatizo la tairi. Nafisa alitoa simu yake: hakuna mtandao, na kila mzunguko wa gurudumu uliwapeleka mbali zaidi na mnara.

Hassane alikanyaga mafuta. Kwenye kila shimo kitu kizito cha chuma kilibingirika chini ya kiti cha mbele, kikamgonga Nafisa kisigino. Aliinama, akakipapasa. Kilikuwa na grisi.

"Jeki iko hapa," alisema.

Hassane hakupunguza mwendo.

Nafisa aliinyanyua kwa mikono miwili, akaipakata mapajani, macho kwenye kisogo cha Hassane.