Divai Iliyongojea Mbuzi

Vita vilipokaribia Kalima, mashariki mwa Kongo, Marie-Louise alikuwa mpishi katika nyumba ya wageni ya mgodi wa bati. Bwana Edouard, Mfaransa aliyeisimamia, alifunga virago akamwachia chupa ya divai nyekundu ya Bordeaux. Alimwambia asiwe na haraka ya kuifungua. Bado ilikuwa kali, miaka ndiyo ingeilainisha.

Marie-Louise aliibeba hadi Kindu ndani ya kitenge, akaizika chini ya sakafu ya jiko lake katika mtaa wa Alunguli. Askari walipopita walichukua kuku, godoro, hata sufuria ya maharagwe ikiwa motoni. Chupa hawakuijua. Mumewe, Okito, alikuwa amekwama Kinshasa, ng'ambo ya mstari wa vita, na mke aliapa kwamba wataifungua siku atakaporudi. Okito alirudi amekonda mno. Marie-Louise alimtazama, akaona divai itamwangusha, akampikia kwanza pondu, mboga ya majani ya muhogo. Basi mwaka ukapita, ukafuata mwingine.

Mwaka huu padri aliibariki ndoa yao kanisani, wajukuu wakibeba maua. Ndipo chupa ikafukuliwa. Kizibo kilivunjika, wakachuja divai kwa kitambaa safi. Okito alikuwa anakula samaki wa mto Lualaba, mwenye ndimu na pilipili. Akapiga funda moja, uso ukamkunjamana, akamgeukia mkewe.

“Mama Bibiche, hii njo divai ao ni musumari?”

Wageni wakacheka, na binti yao Bibiche kuliko wote. Marie-Louise aliona aibu kidogo. Kisha akakumbuka kwamba Bwana Edouard hakunywa kamwe divai nyekundu na samaki. Kwa divai ya namna hiyo aliagiza nyama, tena yenye mafuta. Uani, shemeji yake Tambwe alikuwa akichoma mbavu za mbuzi. Marie-Louise akaenda kuchukua sahani nzima.

“Tafuna kwanza,” akamwambia mumewe, “kiisha unywe.”

Okito alitii. Mafuta ya mbuzi yalikutana na ule ukali, ukali ukalegea. Akafumba macho. Akaomba ubavu mwingine, na glasi nyingine.

Tambwe, ambaye ni Mwislamu, alisimama na Fanta yake, akauliza divai hiyo ina ladha gani. Marie-Louise alifikiri, akasema ni kama matunda meusi yaliyokauka, na udongo uliopata mvua. Tambwe akasema kama ni hivyo, sifa zote ni za mbuzi. Okito akaitikia kwa kichwa, kinywa kikiwa kimejaa. Bibiche akaongeza muziki, na bibi arusi mwenye mvi akavua viatu, akaingia kucheza.