Hazina Sifa za Eneo

Tarishi alipiga honi barabarani, akaipunga bahasha. Annelie Treis akauacha ufito uliolowekwa aliokuwa anafungia tawi la mzabibu, akashuka ngazi mia mbili na kumi za mawe, akatia saini, akasoma palepale barua ya ofisi ya ukaguzi wa mvinyo. Sampuli namba 14. Mvinyo hauna sifa za eneo. Umekataliwa kwa mara ya pili.

Akaikunja, akapanda tena. Mizabibu mia tatu ilikuwa bado haijafungwa, na mwezi wa tatu haumngoji mtu.

Zabibu zile zilitoka mlima huuhuu wa Rabenlei, wenye mteremko mkali kiasi kwamba trekta haijawahi kuukanyaga. Juisi yake haikutiwa hamira ya pakiti. Ilichachuka yenyewe kwenye pipa la mwaloni kama enzi za baba mkwe wake. Na sasa watu wenye makoti meupe walikuwa wamesema haina sifa za eneo. Mvinyo ukikataliwa hauruhusiwi kubeba jina la mlima. Unaandikwa "mvinyo wa Ujerumani", basi, kama ule wa maboksi ya supamaketi. Na mwenye duka la Cologne, mnunuzi wake mkubwa, alishasema: bila Rabenlei kwenye chupa, asihangaike kutuma. Bila duka hilo mlima ungemshinda. Kulia na kushoto kwake majirani walikwisha kuiachia miiba mizabibu yao.

Alingoja machozi, hayakuja. Alihisi baridi ya vidole tu.

Saa kumi jioni alikuja Hubert Moog, kama kila Alhamisi. Ndiye aliyemsimamia marehemu mume wake, Klaus, siku ya harusi, na sasa, baada ya kustaafu, ni mmoja wa waonjaji watano wa ofisi ileile.

"Shemeji, mbona umepooza hivyo? Nani kakumwagia maji?"

"Kaa ule."

Kulikuwa na viazi, jibini na mkate mweusi. Annelie akammiminia kutoka chupa isiyo na karatasi ya jina. Hubert alikula kwanza, akasimulia habari za goti lake. Nusu saa ikapita ndipo akainua glasi, akanusa, akafumba macho.

"Ee bwana wee! Hii ndiyo Rabenlei! Nifunge kitambaa usoni, nitakutajia mpaka ngazi ya kupandia. Klaus angefufuka kwa hii."

"Kweli?"

"Nikuapie?"

Annelie akaiweka barua kando ya sahani yake. "Namba kumi na nne. Mliionja Jumanne."

Hubert akasoma. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akasoma tena.

"Zilikuwa glasi sitini asubuhi moja, zenye namba tu," alisema. "Hii ilikuwa inanuka kiberiti, Annelie. Ungeiacha ipumue kidogo, kama ilivyopumua hapa nikila..."

"Ningewaletea na viazi?"

"Fomu haina nafasi ya kungoja."

"Na wewe uliikataa?"

"Tuliikataa wote." Alisukuma barua pembeni. "Sikiliza. Mwakani tia hamira ya pakiti, chuja vizuri. Itapita bila kuulizwa."

"Na itakuwa Rabenlei?"

"Kwenye karatasi, ndiyo."

Annelie hakuwa na hasira. Aliitafuta, hakuiona. Hubert akamaliza glasi yake mpaka tone la mwisho, kisha akakohoa kidogo kumkumbusha, kwa sababu kila mwaka kabla ya Pasaka huchukua boksi moja.

Annelie akaleta chupa kumi na mbili. Karatasi zake zilikuwa na jina la Annelie na mwaka. Mahali pa mlima palikuwa patupu. Akampa kalamu.

"Andika wewe. Si unaujua hata ukifungwa macho?"

Hubert akaishika kalamu kwa muda. Akairudishia kifuniko, akailaza mezani taratibu.

"Wataninyang'anya kiti, shemeji."

Akabeba boksi. Mlangoni akasimama.

"Annelie, nisitiri. Usimwambie mtu kwamba nachukua hizi."

Annelie akamfungulia mlango.

"Nimwambie nani?" alisema. "Zenyewe haziruhusiwi kusema zimetoka wapi."