Dua ya Zamirbek

Zamirbek ni jirani yangu hapa mjini Osh, Kirgizia, na blogu yake ndiyo ilikuwa baraza letu sisi tusioalikwa kwenye mabaraza. Mkuu wa mtaa, Turatbek, alipotaka bustani ya shule ya chekechea ijengwe ukumbi wa harusi, Zamirbek alimwandika waziwazi. Tukabishana pale chini ya maandishi yake, wauza samsa (sambusa zetu za tanuri), walimu, hata vizee visivyojua kuweka nukta. Mjukuu wangu Aijarkyn anacheza kwenye bustani ile. Kikao cha wananchi cha kuamua jambo hilo kilipopangwa Ijumaa, niliamini kabisa tutashinda.

"Mama Sonunbu, mimi simwogopi mtu," aliniambia akijigamba. "Nina wasomaji!"

Kichwa kilikuwa kimeshamvimba.

Alhamisi Turatbek akachinja kondoo, akawaita wanablogu wote wa mji waje "kujadili demokrasia." Mimi niliitwa kusaidia jikoni, ndiyo maana nilijionea. Zamirbek alikalishwa mahali pa heshima, mbali na mlango. Akavishwa joho na kofia nyeupe ya sufu. Kisha kichwa cha kondoo, ambacho kwetu ni fungu la mzee kuliko wote, kikawekwa mbele yake, wazee wenye mvi wakiangalia tu! Naye akatabasamu kama bwana harusi.

"Mdogo wangu," Turatbek akamwambia kwa upole, "aliyepewa kichwa ndiye anayetuombea. Hebu tuombee, ukumbi wetu upate baraka."

Nilimkazia macho kutoka mlangoni. Kataa, mpumbavu wewe. Sema jino linauma.

Akakunjua viganja. Akauombea ukumbi milango mipana na maharusi wasiokwisha. Watu wote wakaitikia amina, wakajipangusa nyuso. Karani wa Turatbek alikuwa anarekodi kwa simu.

Kesho yake kikaoni, kabla sijapata hata nafasi ya kunyoosha mkono, video ile ikaonyeshwa ukutani.

"Msemaji wenu mwenyewe kaubariki," Turatbek akasema. "Nani atatangua dua?"

Kwetu dua ikishaitikiwa hairudishwi. Watu waliinamisha vichwa, na kikao kikafungwa.

Nilimkuta Zamirbek nje, joho bado liko mabegani.

"Mama, ilikuwa adabu tu. Ningefanyaje?"

"Adabu gani? Umeuza watoto kwa masikio ya kondoo! Na hilo joho lenyewe linakupwaya."

Jioni akaandika makala ndefu kwenye blogu: mjadala wa umma umekufa, wananchi ni waoga, hakuna aliyesimama kikaoni. Wananchi! Nikaandika chini yake neno moja tu: Amina.

Muuza samsa akafuata: Amina. Mwalimu wa Aijarkyn naye: Amina. Mtaa mzima ukaitikia. Zamirbek akatuuliza tuna maana gani, akatusihi tujadili kwa hoja, akatutukana. Siku trekta lilipoingia bustanini aliandika tena, kwa uchungu kweli safari hii, akituomba twende wote tukalizuie.

Tulimjibu vilevile.