Barua Nyuma ya Kijiko Kikubwa

Kwa miaka kumi na tisa Bi Ligaya aliwaambia wenzake wa kanisani, pale Vallejo, ughaibuni, kwamba bintiye Marivic alihama ile shule nzuri kwa sababu ya pumu. Pumu! Msichana akiita teksi mtaa wa tatu wanageuka.

Alifukuzwa, ndio ukweli. Bi Ligaya alikuwa ameandikisha anwani ya dada yake, Luz, aliyekaa karibu na shule ya maana isiyopokea watoto wa mbali, kama walivyofanya nusu ya Wafilipino wa mtaani kwao. Uongo huo sasa ulikuwa umerudi na meno. Marivic alipata kazi ya uuguzi hospitali ya wanajeshi wastaafu, ila alete kwanza cheti cha uraia. Marivic alipata uraia pale mama yake alipokula kiapo, yeye akiwa na miaka kumi na mitano. Lakini ilibidi athibitishe kwamba wakati ule aliishi na mama, na karatasi zote za shule zilisema anaishi kwa Luz.

"Mama, kazi inaniponyoka hivihivi naiona. Huna hata karatasi moja?"

Bi Ligaya akajitia kukoroga supu. "Sina."

"Apa."

"Kuapa ni dhambi."

"Mama!"

Mwiko ukawekwa chini kwa hasira. Bi Ligaya akaenda ukutani, akakiinua kile kijiko cha mbao kirefu kama mtoto, pambo la kila nyumba ya kwao, akachomoa bahasha nyuma yake. "Ukicheka, nakulaani."

Alhamisi ofisa wa uhamiaji aliwasomea mama na binti barua ile kwa sauti. Ilikuwa ya shule, ya kumfukuza Marivic, mwezi mmoja baada ya kiapo: "Mpelelezi wetu amemwona mwanafunzi akitoka nyumbani kwa mama yake asubuhi tatu mfululizo. Mama alimkimbilia barabarani na bakuli, akimlisha wali na yai."

"Mwongo mkubwa huyo!" Bi Ligaya aliruka.

Ofisa akainua macho. "Kwani hakuishi kwako?"

"Aliishi kwangu! Ila yai hapana, bwana. Soseji! Siku zote tatu!"

Muhuri ukagongwa. Marivic alicheka mpaka akajishika mbavu, kisha akajikuta analia kweli. Enzi zile, kila asubuhi, alimwomba Mungu mtu yeyote asimwone mama yake na lile bakuli. Kumbe yupo aliyemwona, akaandika na tarehe.