Kanuni ya Sita na Baiskeli ya Kalombo

Mwaka wa tisini na nne hapa Likasi hakuna aliyelipwa, na hakimu naye ni mtu, alienda kulima mahindi. Chuo kilikuwa kimefungwa. Kwa hiyo Clémentine, mwanafunzi wa licence, shahada ya pili ya sheria, alirudi kwa baba yake, ambako mimi nilipanga chumba baada ya kuzunguka nchi mpaka miguu ikakataa, na kwa umri wangu akaniita Papa.

Watu wa avenue yetu wakaanza kumpelekea ugomvi wao. Alisikiliza pande mbili, akakata nani ana haki. Aliyeshindwa alileta unga, na wote wawili wakala bukari, ugali wetu, sahani moja mbele yake. Hapo maneno yameisha. Mimi nilishindwa mara moja: baiskeli niliyodai ni yangu, alisema ni ya Kalombo, jirani. Nilileta unga, nikala.

Ndipo yakaja mashindano ya usuluhishi ya wanafunzi wa sheria. Kanuni zilikuwa kwenye karatasi moja: timu ni watu watatu, si wawili, si wanne, wote wamemaliza graduat, shahada ya kwanza, na wameandikishwa licence, mmoja akianguka, timu yote imeanguka. Kanuni ya sita: asiwemo aliyewahi kukata ugomvi wa kweli. Timu itakayoshinda itapewa kazi kwa wakili mmoja Lubumbashi. Clémentine na wenzake, Bertin na Joachim, hawakuwa na mlango mwingine.

Avenue nzima ikapatana: Clémentine hajawahi kukata kitu.

Jumamosi akaja Maître Casimir, msimamizi wa mashindano, kuhakikisha; Kalombo na timu nzima walikuwa uani. Akaanza na mimi.

"Tata, huyu binti alishakata ugomvi wa bantu?"

"Hata siku moja, Maître."

"Hata yako?"

"Hata yangu."

Akaandika. Nilifurahi kwa ajili ya mtoto. Kisha nikaiona baiskeli imeegemea ukuta, nikawaza: kama hakukata, basi haijakatwa. Mkono wangu ukashika usukani.

Kalombo akaruka. "Muzee! Unafanya nini na kinga yangu?"

"Baiskeli hii ni yako tangu lini? Nani alikata?"

Akamtazama Maître na kalamu yake. Akashika gurudumu la nyuma. "Weye muzee, haya hauna?"

"Uliza Maître. Ameandika."

Tukavutana. Bertin akanong'ona, "Clémentine, nyamaza."

Clémentine alikuwa mlangoni. Alitazama karatasi ya Maître, akatazama baiskeli.

"Papa, achilia. Nilikata mwezi wa tatu. Ulikula."

Nikaachilia.

Maître Casimir akafuta mstari, akaandika mwingine. "Kanuni ya sita, mademoiselle."

"Ndiyo, Maître."

Joachim alikaa chini palepale alipokuwa amesimama. Kalombo akampeleka Maître mpaka barabara kubwa, kwa baiskeli ileile.

Jioni nilileta unga. Hakuna aliyeniambia. Bertin na Joachim walikuwa wameshaondoka bila kuniaga. Clémentine akasonga bukari, akaiweka mbele yangu, akanawa mikono, akakaa upande wa pili wa sahani.

"Maneno ya mimi na wewe hauwezi kuyakata, ni yako mwenyewe," nikamwambia.

"Miye sikati maneno tena, Papa. Kula."

Nikala.