Njegere na Maziwa ya Gaju

Vita vilimwachia Mzee Népomuscène ng'ombe mmoja tu, Gaju, na moyo mmoja, nao ukamgomea asubuhi moja akiwa ameinama kufunga kamba za viatu. Alipotoka hospitali hakuweza tena kufika kwa mpwa wake Landry, kule mwisho wa Kibenga karibu na ziwa, alikofugwa Gaju. Akitembea kidogo pumzi zinamwishia, anakaa juu ya jiwe la njiani kama mzigo uliosahauliwa.

"Siku utakayofika kwa Gaju bila kukaa njiani," Dokta Jovithe alimwambia, "nitajua moyo umerudi."

Mzee hakutaka kitu kingine duniani. Wala mkewe Mathilde.

Dokta yule, licha ya foleni ya wagonjwa iliyomngoja, aliketi kitandani akaeleza taratibu. Dawa zisikosekane. Nyama ya mafuta aiache. Na tumboni mwa mtu mna vijidudu vingi. Ukivilisha njegere, maharagwe na mboga za majani, inaonekana navyo vinausaidia moyo. Maziwa ya mgando yanaongeza vingine vizuri.

"Vijidudu ndani yangu mimi?" Mzee aliuliza.

"Ndani yako, Muzee. Tangu utoto."

"Na hakuna hata kimoja kilichopiga hodi!"

Shida ilikuwa mwiko. Kwao mtu akila njegere hanywi maziwa siku hiyo, la sivyo ng'ombe aliyeyatoa atakauka. Na nyumbani hapakuwa na maharagwe, maana barabara za milimani zilikuwa za risasi. Palikuwa na gunia la njegere tu, alilolipata binti yao Olga kwa taabu.

"Kula njegere, Muzee."

"Apana, Mama Olga. Nimekwisha kunywa maziwa aliyotuma Landry. Unataka Gaju akauke?"

"Basi kesho uache maziwa."

"Na vijidudu vya maziwa nani atavitunza?"

"Lakini brosheti unakula."

"Brosheti hazina mwiko."

Mathilde aliona kwamba mwiko ule, ukizungushwa vyovyote, uliishia kwenye kijiti cha nyama.

Nyama ililetwa na Mawazo, mchoma brosheti wa jirani. Alikuwa amekimbia kwao akavuka mpaka wa Gatumba na sufuria moja kichwani, na Mzee ndiye aliyempa kona ya ua aweke jiko lake. Sasa kila jioni, kabla ya saa ya watu kujifungia ndani, alikuja mbio na vipande vinono vilivyofungwa kwenye jani la mgomba. Angeweza kuviuza. Mathilde alijua hivyo, ndiyo maana alishindwa kumrudisha.

Siku moja Mzee alijaribu kwenda kwa Gaju. Hata kwenye jiwe hakufika. Kifua kilimbana, na Mawazo akamrudisha mgongoni, akimbembeleza kama mtoto.

"Mi nitakufa bila kumuona Gaju," Mzee alisema.

Mathilde alimwosha miguu kwa maji ya vuguvugu mpaka akatulia. Kisha akasema, "We mufugaji. Ng'ombe anakula nyama?"

"Mukecuru, bibi yangu, umerukwa na akili? Anakula majani."

"Basi tumboni una kundi zima. Unalilisha nini?"

Mzee alilitazama tumbo lake. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba anachunga vibaya. Mlangoni, Mawazo alikuwa ameshika kifurushi chake.

"Mama, kumbe ni nyama yangu?"

"Mukono wako ni muzuri, mwanangu. Nyama ndiyo mbaya."

Kesho yake Mawazo alikuja na kopo la maziwa ya unga, alilopewa na shemeji yake aliyevuka Gatumba. "Huyu ng'ombe ni wa Ulaya, Muzee. Hata akikauka, hatutasikia."

Mathilde aliyakoroga, akayagandisha. Mzee akala njegere, akavua kofia. "Nisamehe, mama, popote ulipo," akamwambia ng'ombe wa Ulaya, akanywa.

Tangu hapo akawa mchungaji mkali. "Leo kundi halijaona majani ya lengalenga!" Njegere zilipomfanya atoe sauti mbele ya wageni, alisema kundi linarudi zizini. Bunduki zikilia milimani, alipapasa tumbo: "Tulieni, wanangu, ni mbali."

Wiki zikapita hivyo, mpaka asubuhi moja akauliza, "Mama Olga, unga huu unagandaje?"

"Naweka kijiko cha mgando wa Gaju. Ndiyo mbegu yake."

"Wa Gaju? Na njegere zote hizi?"

Alinyakua fimbo akatoka, kamba za viatu zikiburuzika. Mathilde alimfuata, na Mawazo akaacha moto wake, mgongo tayari. Mzee akalipita jiwe bila kulitazama.

Kwa Landry povu lilikuwa limejaa ndoo.

"Anatoa?" Mzee alifoka.

"Kuliko jana, mujomba."

Aliinama akapapasa kiwele, hakuamini, akapapasa tena. Mathilde alifika akihema, akajitupa juu ya ndoo iliyofudikizwa.

"Muzee," akasema alipopata pumzi, "umekaa wapi njiani?"

Mzee aligeuka akaitazama njia yote, hadi kwenye jiwe. Akaweka mkono kifuani, akasikiliza. Mawazo akapiga magoti, akamfunga kamba za viatu.

Kisha Mzee akaegemea shingo ya Gaju, akamnong'oneza sikioni, "Usione wivu, mama. Wale wa tumboni hawana hata pembe."