Filamu Isiyokatwa

Kila nusu dakika nililipindua kopo mara tatu, nikaligonga kidogo sakafuni ili mapovu yasigande juu ya filamu, kisha nikaliacha litulie. Dada yangu Chamsia alikaa kizingitini na saa ya mumewe mkononi, akinihesabia. Nilikuwa nimemwomba ataje nusu dakika tu, bila maelezo. Lakini Chamsia hajawahi kutaja kitu bila maelezo.

"Nusu," alisema. "Na wali wangu unaungua."

Ilikuwa Jumamosi, yapata saa nne asubuhi, katika stoo yake kule Mutsamudu. Filamu nilikuwa nimeiingiza koponi gizani, chini ya mablanketi mawili, na kwa kuwa kopo halipitishi mwanga, sasa mlango ulikuwa wazi. Kando yangu palikuwa na ndoo tatu za maji ya mto. Ndiyo sababu ya safari yangu. Moroni, nilikokuwa nikiishi na kutengeneza redio, maji yetu ni ya mvua, hukaa birikani na vumbi la mawe meusi, nayo huwa vuguvugu. Ukioshea filamu huacha madoa ambayo hayatoki tena. Anzwani, kisiwa anakoishi dada yangu, kuna mito. Kwa miaka minne nilikuwa nikipiga picha kwetu Ngazija na kuvuka bahari kwenda kuzisafisha kwa dada yangu, na watu wa mtaa wetu wa Magoudjou wakisema nimekuwa mwanamke wa kufua.

Safari hii hawakusema. Walijua kilichomo ndani ya kopo, au walidhani wanajua. Mimi mwenyewe nilikuwa sijui.

Jumapili iliyopita yalifanyika mashindano ya magari, kutoka Moroni hadi Itsandra na kurudi, gari moja baada ya jingine kwa kupishana dakika tatu, barabara imefungwa. Ulikuwa mwaka wa 1984. Mamluki wa kizungu waliokuwa wakimlinda rais walikuwa wametimiza miaka sita nchini, na wawili kati yao walishiriki. Fundi Mouhidine naye alishiriki. Alikuwa miongoni mwa waliorudishwa kutoka Majunga, ng'ambo ya bahari, baada ya mauaji ya watu wetu kule, na alirudi na shati alilovaa na mapenzi ya magari. Peugeot yake 404 aliiokota kipande kwa kipande kwa muda wa miaka mitano. Mlangoni alikuwa ameandika namba saba kwa chokaa.

Katika kona iliyo kabla ya Itsandra gari hilo lilitoka barabarani, likagonga ukuta mfupi wa mawe. Mchuuzi mmoja, Dhoihir, alikuwa amekaa juu ya ukuta huo. Alivunjika mguu mahali pawili. Mouhidine alisema gari aina ya jipu, la kambi ya mamluki, lilimtokea mbele kutoka njia ya pembeni. Kambi ikasema siku ile hakuna jipu iliyotoka. Pale palikuwa na watu wapatao mia. Jumatatu yake watu mia wale wote walisema walikuwa wakitazama baharini. Hata Dhoihir, kitandani, alisema alikuwa ameinama kufunga kiatu, ingawa kila mtu Magoudjou anajua Dhoihir huvaa ndala.

Mouhidine aliwekwa ndani. Jumatatu ijayo angepelekwa kwa hakimu, na kifungo kilichosemwa ni miaka minne.

Mkewe, Maanrifa, alinijia dukani. Hakulia. Alisimama mbele ya redio zilizofunguliwa akaniuliza, "Ndugu yangu Msa, wewe ulikuwa pale na kamera. Uliona nini?"

Nikamwambia kweli: niliona gari la mumewe. Alinitazama kama mtu niliyemfungia mlango. Nilijaribu kumweleza. Kufuata gari kwa kamera ni kazi ya kiuno. Unakita miguu, unaanza kuligeukia gari lingali mbali, unalishika ndani ya kidirisha na kwenda nalo, na unapobonyeza huachi kugeuka. Kamera unaiweka kwenye mwendo wa polepole, sehemu ya thelathini ya sekunde. Ukipatia, gari hutoka safi, magurudumu yanazunguka, na dunia yote nyuma yake inakuwa mistari. Wakati huo jicho halina nafasi ya kitu kingine. Angepita tembo nisingemwona.

"Basi kamera iliona," alisema.

Hilo nalo sikuweza kuliahidi. Kwa mwendo ule wa polepole, jipu ingekuwa mstari kati ya mistari. Ila katika daftari langu, ninamoandika kila picha kwa namba, picha ya ishirini na tatu ilikuwa na neno moja: kosa. Ya ishirini na mbili nilikuwa nimewapiga Dhoihir na wenzake wakiwa ukutani, kwa mwendo wa haraka, sehemu ya mia tano, kwa kuwa walikuwa wakicheka na kutikisika. Nikasahau kuurudisha. Mouhidine akatokea, nikampiga hivyo hivyo. Kwa mpiga picha za magari hilo ni kosa la mwanafunzi: kila kitu huganda, magurudumu husimama, na gari lililo katika kasi ya mia huonekana limeegeshwa. Safari hii niliomba Mungu kosa langu liwe kosa kweli.

"Nusu," alisema Chamsia, kisha akanyamaza bila kuongeza neno. Nikainua kichwa.

Nyuma yake uchochoroni alisimama mzungu mwenye sare nyeusi ya mamluki. Nilimfahamu. Tulimwita Luteni, ingawa sijui cheo chake hasa. Yeye alikuwa mmoja wa wale wawili walioshindana, kwa Renault nyekundu, na filamu iliyokuwa koponi ilikuwa yake. Hili sikumwambia Maanrifa. Filamu zilikuwa adimu Moroni, na Luteni alinipa tatu kwa sharti nipige gari lake likiwa mashindanoni. Nilikubali kwa furaha. Nilijua pia kwamba wiki ile alikuwa zamu Mutsamudu. Nilichokuwa sijui ni kwamba shemeji yangu Salimou, mume wa Chamsia, anayefanya kazi bandarini, alikuwa amemwambia kwa fahari kwamba nipo.

Alinisalimu kwa upole, kwa Kifaransa, akauliza kama ndiyo yenyewe. Nikasema ndiyo. Akasema anaondoka baada ya muda mfupi, nimfungulie aone.

Dawa ya kwanza ilikuwa imefika dakika ya sita. Ilihitaji nane. Kama kopo lingefunguliwa wakati ule, mwanga ungeila filamu yote, kuanzia picha ya kwanza hadi ya mwisho, na hakuna ambaye angeweza kusema ni kusudi. Nilimtazama mikono. Ilikuwa mikubwa, na ilikuwa karibu.

"Luteni," nilisema, "ukifungua sasa, gari lako litakwenda pamoja na mengine."

Alifikiri. Chamsia akasema "Nusu" kwa sauti kama ya kumwita mtu ng'ambo ya mto. Nikapindua kopo mara tatu. Luteni akageuza ndoo tupu juu chini, akakaa juu yake.

Nilimaliza dakika nane. Nikamwaga dawa ya kwanza, nikatia ile ya pili inayozuia picha zisipotee, dakika kumi. Kisha maji, ndoo ya kwanza, ya pili, ya tatu. Sikuharakisha na sikuchelewesha. Kama ningechelewesha angejua ninaogopa, na kama ningeharakisha ningeharibu.

Nilipoitoa filamu aliinuka. Niliishika upande mmoja, yeye akashika mwingine kwa kucha za vidole viwili, kama nilivyomwonyesha, tukaielekeza mlangoni. Alipata Renault yake katika ya tisa, ya kumi, ya kumi na moja. Alitabasamu kama mtu aliyeletewa mtoto wake. Katika ya kumi na mbili uso wake ulionekana vizuri dirishani.

"Mbona mimi mweusi?" aliuliza.

Nilimtafsiria dada yangu. Chamsia akacheka. "Mwambie leo ndipo amekuwa mtu wetu."

Sikupaswa kulitafsiri hilo pia, lakini nimezoea kutafsiri yote. Luteni naye akacheka, kisha akauliza, akiwa bado anacheka, kama kila cheupe hugeuka cheusi na kila cheusi hugeuka cheupe. Nikasema ndiyo. Nilikuwa nimempa ufunguo mkononi.

Akaanza kushuka na filamu, picha baada ya picha, sasa polepole zaidi, akifurahia mchezo wake mpya. Alitaja kanzu zilizokuwa nyeusi, bahari iliyokuwa nyeupe. Ya ishirini na mbili: Dhoihir na wenzake ukutani, vinywa wazi. Ya ishirini na tatu.

Nilikuwa sijaiona kabla ya wakati huo. Niliiona pamoja naye. Gari la Mouhidine, namba saba nyeusi mlangoni, magurudumu yake yamesimama tuli. Na nyuma ya boneti yake, nusu ikiwa imetoka katika njia ya pembeni, jipu. Ndani yake watu wawili waliovaa nguo nyeupe pepe.

Maji yalidondoka kutoka ncha ya filamu. Luteni aliitazama picha ile kwa muda mrefu kuliko alivyotazama ya kwake.

"Hili limeegeshwa," alisema mwishoni.

"Ni kosa langu," nilisema. "Kamera nilisahau kuiweka sawa."

"Picha mbaya."

"Mbaya, ndiyo."

Akaruka ya ishirini na nne, ambayo ilikuwa vumbi na ukuta uliobomoka, akaniachia filamu. Alifuta vidole kwenye suruali. Akasema nisijisumbue kumtolea ile mbaya, na kwamba kesho saa sita mchana atakuja kuchukua filamu, yote, kwa kuwa ni yake. Alimpa Chamsia mkono. Tulisikia viatu vyake vikishuka ngazi za uchochoro hadi barabarani.

Nimelifikiria neno lile mara nyingi. Huenda hakuona kitu zaidi ya gari lililosimama. Huenda aliona yote, akanipa muda mpaka saa sita kwa sababu zake. Au alijua kwamba filamu ikishakuwa mikononi mwake hakuna kitakachobaki. Sijui, na mtu nisiyemjua moyo siwezi kumhukumu kwa picha moja.

Chamsia aliamua mapema zaidi. "Anajua," alisema. "Kata hiyo moja uifiche. Mpe nyingine."

Nilimweleza kwa nini siwezi. Ishirini na tatu peke yake ni gari lililoegeshwa karibu na jipu. Hata Luteni, aliyekuwa mshindani, alisema hivyo. Hakimu angesema vivyo hivyo, na kambi ingesema picha ni ya siku nyingine. Lakini ikiwa kati ya mbili nyingine, katika utepe mmoja ambao haujapitiwa na mkasi, ukuta ni mzima na Dhoihir anacheka, kisha gari na jipu, kisha vumbi. Namba zimechapwa ukingoni na kiwanda, si na mimi. Kila filamu yangu huikata vipande vya sita sita kabla sijafanya lolote. Hii sikuweza kuikata.

"Basi ichape sasa hivi, uimalize."

"Ni mbichi. Nikiilaza juu ya karatasi itanata, vyote viwili vitaharibika."

"Na kesho utampa?"

"Filamu ni yake."

"Na picha?"

"Karatasi ni zangu, dada."

Alinitazama, akaenda kuutazama wali wake, ambao kweli ulikuwa umeungua.

Niliitundika filamu kwenye boriti ya dari, kibanio cha nguo juu na vijiko viwili chini viivute inyooke. Nikanyunyiza maji sakafuni ili vumbi lilale. Mchana kutwa mawingu yalikaa juu ya mji na hewa ilikuwa nzito. Saa tisa niligusa ukingo wake: laini. Saa kumi na moja, bado laini kidogo, kama ngozi ya maziwa. Salimou alirudi kazini, akasikia habari, akakaa chini bila kuvua viatu. Nilimwambia hakufanya ubaya. Alisema angalau ataniwekea nafasi katika meli ya kesho saa nane.

Nilipanga vitu vya asubuhi. Kioo cha fremu ya ukutani cha kuibana filamu juu ya karatasi, nilichokisafisha mara mbili. Karatasi nne za kuchapia picha, zote nilizokuwa nazo, kila moja ikitosha picha zote tatu na namba zao za ukingoni, ndani ya bahasha yao nyeusi. Mbili za kujaribia mwanga, mbili za kweli: moja ya hakimu, moja ya kubaki kwa Maanrifa. Sikuwa na nafasi ya kukosea zaidi ya hizo mbili. Mwanga ningeutoa mlangoni, kuufungua na kuufunga, Chamsia akihesabu. Nilimwomba safari hii ahesabu tu. Akasema ataona.

Nikaandika katika daftari, mbele ya namba ishirini na tatu, baada ya neno kosa: jipu, watu wawili. Sikuandika zaidi, kwa kuwa nyuso zao zilikuwa ndogo na bado sijazikuza.

Kisha nikaigusa filamu mara ya mwisho, ukingoni, chini kabisa. Bado. Nikaufunga mlango polepole ili upepo usiitikise, na nikaweka ndoo tupu mbele yake.